Je, Mwanamume Halii?

Mtoto wa kiume huambiwa maneno mawili kabla hajajua kufunga vifungo vya shati lake: "Jikaze," na "Mwanamume halii." Akijikwaa jiweni huambiwa hivyo, na akifiwa na nyanya yake huambiwa hivyo. Akifika umri wa miaka arobaini, naye ana shamba, mke, na deni la karo ya shule, hapana haja tena ya mtu kumwambia, kwa maana hujiambia mwenyewe.

Siku hizi limetokea fundisho jingine. Wako watu, na wengi wao ni vijana waliosoma, wasemao kwamba mwanamume wa kisasa ni yule ambaye moyo wake waweza kuguswa: abebaye mtoto wake njiani watu wakitazama, aingiaye jikoni bila kuona haya, na akipatwa na huzuni humweleza mkewe au rafiki yake. Wazee wengi wakisikia hayo hutikisa vichwa. Husema kwamba mtu wa namna hiyo ni mwanamke aliyevaa suruali, na kwamba mambo hayo yote yametoka Ulaya na Marekani pamoja na nguo za kubana na muziki wa makelele.

Nimeyafikiri sana mashitaka hayo, na kwa heshima ya wazee wangu nasema kwamba sikubaliani nayo. Wanaodai kwamba huruma na machozi ni vitu vya kigeni kwa mwanamume wa Kiafrika wamesahau mengi katika desturi zao wenyewe. Na unyamavu tunaousifu leo kuwa ndio uanaume umekuwa mzigo ambao baadhi ya ndugu zetu wanakufa chini yake.

Tuanze na kisu, kwa kuwa kila mzee akitaka kueleza maana ya uanaume huanza hapo. Katika nchi ya Wabukusu, mwezi wa Agosti wa miaka ya hesabu ya shufwa, kijana hupakwa matope ya mtoni mwilini, husimama wima uani kwa baba yake, na ngariba akimkata hapaswi kupepesa hata jicho. Wakalenjin, Wakuria, Wamasai na Wagikuyu nao walikuwa na namna zao za kumjaribu kijana, na aibu ya aliyepiga kelele iliweza kumfuata hata uzeeni. Hapana mtu mwenye akili awezaye kuucheka ujasiri huo.

Lakini tazama vizuri, msomaji, jambo hilo lilichukua muda gani. Kisu hufanya kazi yake kwa dakika chache tu. Baada ya hapo, kwa desturi ya makabila mengi, kijana alitengwa pamoja na wenzake wa rika lake kwa majuma, na pengine kwa miezi. Alikuwako mtu mzima aliyechaguliwa kuwa mlezi wake, ambaye alimtunza kidonda, akamfundisha nyimbo na mafumbo, na kumweleza mambo ya ndoa ambayo mwana hakuweza kumwuliza baba yake mzazi. Kijana aliyetoka huko alikuwa na ndugu wa rika ambao angeweza kuwaambia neno lolote mpaka siku ya kufa kwake. Basi wazee waliodai dakika tano za kimya walitoa pia siku nyingi za maongezi, na urafiki wa maisha mazima. Sisi tumezishika zile dakika tano, tukazirefusha zikawa miaka arobaini, na hayo mengine tumeyaacha.

Tena si kweli kwamba shujaa wa zamani hakutokwa na chozi. Wamasai wanayo sherehe iitwayo eunoto, ambayo kwayo morani huanza kutoka katika ujana na kuelekea uzee. Siku hiyo zile nywele ndefu alizozifuga kwa miaka na kuzipaka udongo mwekundu, ambazo ndizo fahari yake yote, hunyolewa, na anayemnyoa ni mama yake. Watu wa namna hii, ambao baba zao walikwenda kumkabili simba kwa mkuki, hulia mbele ya mkutano wote, na wengine hutetemeka hata wenzao huwashika wasianguke. Hapana awachekaye, kwa kuwa kila mtu ajua kwamba aliye na kitu cha thamani akikiacha huumia.

Nenda Nyanza kwenye matanga ya Mjaluo. Huko mwanamume aliyefiwa na rafiki huanza kupaza sauti kabla hajafika langoni, huku akimtaja marehemu kwa majina yake ya sifa, na mpiga nyatiti, naye ni mwanamume, huweza kuimba maombolezo usiku kucha. Nenda pwani, nako utasikia habari za Fumo Liyongo, jitu lililoogopwa na watu wa Pate, ambaye utendi wake uliandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Liyongo alipofungwa gerezani hakuvunja mlango kwa mabega yake. Alitunga beti zenye mafumbo, akazituma kwa mama yake kupitia kwa kijakazi wao. Na mama akaelewa, akamwokea mkate wenye tupa ndani yake. Shujaa mkubwa kuliko wote katika hadithi za Waswahili alikuwa mtunzi wa mashairi, na aliokolewa kwa sababu alijua kusema na mamaye. Nawashangaa wanaoikumbuka nguvu ya mikono yake tu.

Sitaki kuongeza mahubiri, ila ni jambo lijulikanalo kwamba Wakristo husoma habari za Yesu kulia kaburini kwa rafiki yake Lazaro, na Waislamu husoma habari za Mtume kutokwa na machozi alipofiwa na mwanawe mchanga Ibrahimu.

Basi unyamavu huu wa leo ulitoka wapi? Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ilitoka safarini. Mwaka 1901 serikali ya wakati ule ilianza kutoza kodi ya nyumba, na kodi ilitakiwa kwa fedha. Wanaume wakaondoka kwenda kutafuta fedha hizo relini, bandarini, katika mashamba ya walowezi na katika mji wa Nairobi. Walio wengi walipewa mahali pa kitanda tu, wala hapakuwa na nafasi ya mke na watoto. Mshahara ulipimwa kwa mahitaji ya mtu mseja. Mwaka 1954 kamati ya serikali yenyewe, iliyoongozwa na Bwana Carpenter, ilikiri kwamba mshahara huo haukutosha kulea jamaa mjini, ikashauri upandishwe kidogo kidogo hata umtoshe mtu mwenye mke na watoto. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka hamsini watoto wengi walimjua baba yao kwa hawala ya posta na kwa likizo moja ya mwaka.

Mfikirie mtu huyo arudipo nyumbani mwezi wa Desemba. Mtoto wake mdogo humkimbia, akidhani ni mgeni. Hajui mtoto hupenda chakula gani, wala huogopa nini usiku. Asiyejua la kusema hunyamaza. Aliketi kitini, akaletewa maji ya kunawa, akauliza habari za ng'ombe na za ripoti ya shule, akamchapa aliyestahili kuchapwa, kisha akarudi kazini. Wanawe walimtazama, wakafikiri kwamba hivyo ndivyo baba anavyopaswa kuwa, nao walipokua wakafanya vivyo hivyo hata kama kazi yao ilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani. Nami naamini kwamba yule baba mkali wa kitini, ambaye watu humwita baba wa kimila, si mkubwa kwa umri kuliko reli ya Mombasa.

Wakati huohuo jando nalo lilibadilika. Leo wavulana wengi hupelekwa hospitali au zahanati wakati wa likizo ya mwisho wa mwaka, hukatwa na daktari kwa dawa ya ganzi, na kabla ya kufungua shule wamekwisha pona. Kwa upande wa afya ni jambo jema sana, wala singetaka turudi nyuma. Lakini ule muda wa kukaa pamoja umepungua, na mara nyingi yule mlezi hayupo, au yupo kwa siku chache naye ni kijana anayewafundisha wenziwe ulevi. Neno "jikaze" peke yake ndilo lililobaki bila kupungua.

Sasa tuone neno hilo linafanya nini. Tuseme yuko mkulima mmoja wa kahawa. Malipo ya chama cha ushirika yamechelewa, mkopo alioukopa kwa simu umezaa riba, mwana wake amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, naye amekwisha uza ng'ombe wa maziwa bila kumwambia mkewe sababu. Akiulizwa hali asubuhi husema, "Njema." Jioni hupita kilabuni, kwa maana pombe ndiyo dawa pekee ya huzuni ambayo mwanamume aweza kuinunua bila kuchekwa. Mkewe aona fedha zinakwenda, naye hukasirika kwa haki kabisa. Basi nyumbani nako kukawa mahali pa vita. Kila msomaji anamjua mtu kama huyo, na wengine wamemsindikiza mtu kama huyo makaburini, jamaa zake wakisema kwa mshangao kwamba hakuwa amelalamika hata siku moja.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2021 watu 727,000 ulimwenguni walijiua, na kiwango cha vifo hivyo kwa wanaume kilikuwa zaidi ya mara mbili ya kile cha wanawake. Hapa pana jambo la kufikirisha. Shirika hilohilo lasema kwamba ugonjwa wa huzuni kubwa, ule uletao usingizi mbaya, uchovu na kukata tamaa, huonekana zaidi kwa wanawake kuliko kwa wanaume. Yaani wanaougua zaidi ni hawa, na wanaokufa zaidi ni wale. Sababu ni nyingi, na ulevi ni mojawapo. Lakini wataalamu wanakubaliana kwamba mwanamke huenda kwa daktari, au kwa dada yake, au kwa jirani, akasema, na mwanamume huchelewa mno kufanya hivyo. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humwumbua.

Sheria yetu nayo ilisaidia kufunga midomo. Kifungu cha 226 cha Sheria ya Makosa ya Jinai kilisema kwamba mtu akijaribu kujiua ametenda kosa, naye aliweza kufungwa hata miaka miwili. Sheria hiyo tuliirithi kutoka kwa Waingereza, ambao wao wenyewe waliifuta kwao mwaka 1961. Fikiri, bwana: mtu aliyenusurika, ambaye angehitaji daktari na jamaa zake, alipelekwa mbele ya hakimu. Nani angethubutu kumwambia muuguzi mawazo yake huku akijua kwamba maneno hayo yaweza kumfikisha polisi? Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu mjini Nairobi, kwa hukumu ya Jaji Lawrence Mugambi, iliamua kwamba kifungu hicho hakipatani na Katiba. Katika mambo yote niliyoyaandika hapa, hilo ndilo ningependa lisomwe kwa sauti katika kila baraza la chifu.

Wako watakaosema kwamba hata hivyo mwanamume ameumbwa mgumu, na ukimlainisha unamharibu. Hao nawajibu kwa habari za wataalamu. Karibu na Ziwa Eyasi katika Tanzania wanaishi Wahadzabe, ambao ni wawindaji wa upinde na mshale, na majirani zao Wadatoga, ambao ni wafugaji. Baba wa Kihadzabe hubeba na kutunza watoto wake wachanga mara nyingi. Kwa Wadatoga kazi hiyo ni ya wanawake, na wanaume hawajihusishi nayo sana. Mwaka 2009 wataalamu walitangaza matokeo ya kuwapima wanaume wa makabila hayo mawili kiasi cha homoni ya kiume iitwayo testosteroni. Kwa Wahadzabe, wenye watoto walikuwa nayo kidogo kuliko wasio na watoto. Kwa Wadatoga hapakuwa na tofauti hiyo. Uchunguzi mwingine ulifanywa mjini Cebu katika Ufilipino kwa wanaume 624, waliopimwa mwaka 2005 na tena mwaka 2009, na matokeo yakatangazwa mwaka 2011. Huko ilionekana kwamba wale waliokuwa na homoni nyingi zaidi mwanzoni ndio waliokuwa wepesi zaidi kupata mke na mtoto. Na walipokwisha kuwa baba ikashuka, hasa kwa wale waliokaa na watoto wao saa tatu au zaidi kwa siku.

Msomaji asiogope kwamba akimbeba mtoto ndevu zake zitaanguka. Maana ya habari hizi ni kwamba mwili wa mwanamume umefanywa uweze kazi zote mbili, ya kutafuta na ya kulea, nao hujitayarisha mwenyewe kwa ile aliyo nayo mkononi. Wahadzabe hawakuacha kuwinda. Wako pia Waaka wa misitu ya Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati, wawindaji wa nyavu, ambao mtaalamu Barry Hewlett aliona kwamba baba huwa na mtoto wake mchanga mikononi, au karibu naye kiasi cha kumfikia kwa mkono, karibu nusu ya siku. Mtoto akilia na mama hayupo, baba wa Kiaka humpa hata titi lake lisilo na maziwa anyonye atulie. Hapo nakiri kwamba sitawashauri wasomaji wangu wafike mbali hivyo, lakini hakika si mambo yaliyoletwa na magazeti ya Ulaya.

Na kuna mahali ambapo kifua cha baba chaweza kuokoa maisha. Mwaka 1978 katika mji wa Bogotá, nchini Kolombia, daktari Edgar Rey aliona watoto waliozaliwa kabla ya wakati ni wengi na mashine za kuwatia joto ni chache. Akaanza kuwaweka watoto hao uchi vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wamefungwa kwa nguo, kama mnyama kangaruu wa Australia abebavyo mtoto wake mfukoni. Njia hiyo hutumika leo katika hospitali nyingi, na za Kenya zimo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto mdogo wa namna hiyo aanze kubebwa mara tu azaliwapo, kwa saa 8 hadi 24 kila siku. Hapana mama aliyetoka kujifungua awezaye saa zote hizo peke yake. Baba akivua shati akaketi, joto lake latosha.

Karani aliyeajiriwa hana udhuru wa kukosa nafasi, kwa sababu Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 29, yampa baba likizo ya majuma mawili yenye mshahara kamili mkewe ajifunguapo. Na Katiba ya mwaka 2010 yasema katika kifungu cha 53 kwamba baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Lakini wako wanaoona haya kuiomba likizo hiyo, wakihofu kwamba wenzao ofisini watawauliza kama ni wao waliozaa. Wengine huiomba wakaitumia kujenga boma la ng'ombe. Mkulima hana likizo, lakini ana faida nyingine: hakuna msimamizi wa kumkataza kurudi nyumbani saa sita.

Hata hivyo, nina neno la kuwaonya vijana wa kisasa. Nimewaona wengine waliojifunza kusema juu ya huzuni zao hata hawana nafasi ya kusikia za mtu mwingine. Mume wa namna hiyo humlilia mkewe usiku juu ya ukali wa mkubwa wake kazini, wala hajauliza kwa nini mkewe amekuwa akishika kiuno tangu asubuhi. Huyo bado ni yule baba wa kitini, ila sasa anataka kuletewa na pole pamoja na maji ya kunawa. Moyo laini hupimwa kwa jinsi umwonavyo mwenzio. Tena akina mama nao wasituambie kwamba wanataka mume msikivu, kisha akitokwa na chozi siku moja habari zikafika kisimani kabla ya ndoo. Mwanamume aliyechekwa mara moja hangojei mara ya pili.

Jambo la kufanya ni dogo kuliko watu wanavyodhani. Ukimwona mwenzio amebadilika, yaani amekonda, halali, ameacha kuja kanisani au msikitini, anagawa mali yake ovyo, au anasema kwamba watu watapumzika akiondoka, usimwulize "Habari?" maana atajibu "Nzuri." Mwulize juu ya kitu chenyewe: "Ile karo umeimaliza vipi?" au "Yule ng'ombe mbona sijamwona?" Kisha nyamaza umngojee. Akisema kwamba amefikiri kufa, usimkemee wala usimwache peke yake. Fuatana naye siku hiyohiyo hadi kituo cha afya. Mjini Nairobi liko shirika la Befrienders Kenya, ambalo kazi yake ni kuwasikiliza watu wenye mawazo hayo. Na kama yeye hataki kusema mbele ya watu, mchukue mkapalilie shamba pamoja, kila mtu na mstari wake, kwa sababu wanaume wengi huweza kusema jambo gumu mikono ikiwa na kazi na macho yakitazama chini.